Kusomeshwa na Tajiri: Historia ya Hati ya Kujifunga

Wale mliosikiliza redioni, someni karatasi hii polepole mpate kukumbuka. Wale ambao hamkusikiliza, mwalimu wa darasa atawasomea sehemu moja moja, kisha kila mtu aisome mwenyewe.

Leo nitazungumza nanyi juu ya jambo linalofika katika nyumba nyingi za mkoa wetu wa Singida. Kijana amepata kazi. Pengine ni kazi ya kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, au ya karakana ya magari, au ya hospitali. Tajiri, yaani mwajiri, amwambia, "Nitakuajiri, tena nitakupeleka kusomea kazi hii kwa gharama yangu. Lakini ukirudi utanitumikia miaka mitatu. Ukiondoka mapema, utanilipa." Hiyo ndiyo hati ya kujifunga. Vijana wa mjini huiita bondi.

Tena tajiri ataka mdhamini. Basi kijana apanda basi kwenda kwao, Ikungi au Kiomboi, karatasi i mkononi. Amwambia mama yake, "Mama, tia kidole hapa."

Mama huyo aweza kuwa wewe. Baba huyo aweza kuwa wewe. Je, utatia kidole? Kabla hujajibu, tutazame habari za watu waliotutangulia, maana jambo hili si jipya.

1. Hati yenye meno

Tangu zamani ufundi hununuliwa kwa kazi. Huku kwetu mwanagenzi hukaa na fundi wake, awe fundi cherehani, seremala au mhunzi. Humsaidia bila mshahara, au kwa mshahara mdogo, mpaka mkono wake uzoee. Mara nyingi hakuna karatasi. Kuna maneno ya mdomo na heshima tu.

Waingereza waliandika. Sheria yao ya mwaka 1563 iliagiza kwamba mtu asifanye kazi za ufundi zilizotajwa mpaka awe amejifunza kwa fundi muda wa miaka 7. Hati ya mapatano iliandikwa mara mbili juu ya karatasi moja, kisha karatasi ikakatwa katikati kwa mstari wenye meno, kama meno ya msumeno. Fundi alichukua nusu moja, na upande wa kijana ulichukua nusu ya pili. Siku ya ugomvi nusu hizo ziliwekwa pamoja. Meno yakikutana, hati ni ya kweli. Yasipokutana, kuna mtu amedanganya.

Likumbukeni jambo hili, tutalirudia: kila upande ulikuwa na nakala yake.

Desturi hiyo ilivuka bahari ikafika Marekani. Katika mwaka 1718, katika mji wa Boston, mtoto wa miaka 12 jina lake Benjamin Franklin alijifunga kumtumikia kaka yake James, aliyekuwa mpiga chapa, mpaka atimize miaka 21. Mshahara wa mtu mzima angeupata katika mwaka wa mwisho tu. Benjamin alijifunza kazi upesi, lakini kaka yake alikuwa akimpiga. Katika mwaka 1723 mtoto alisema, basi, sikutumikii tena. James akawazungukia wapiga chapa wote wa Boston akawaambia wasimpe kazi. Ndipo Benjamin alipotoroka, akaenda mpaka mji wa Philadelphia, akapata kazi ya ufundi ule ule.

Baadaye Franklin alikuwa mtu mkubwa, mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani katika mwaka 1776. Alipoandika habari za maisha yake alikiri kwamba namna alivyomwacha kaka yake ilikuwa moja katika makosa yake ya kwanza.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, ufundi ukiisha kuingia mkononi hautoki tena. Tajiri hawezi kuuchukua kama achukuavyo jembe lake. Kwa hiyo hofu yake ni ya kweli: amelipa ada, na kesho mwenzake wa ng'ambo ya barabara amchukua fundi tayari. Pili, muda mrefu kupita kiasi, pamoja na mateso, humfanya hata mtu mwema avunje ahadi yake.

2. Manamba: kujifunga bila kujifunza

Sasa turudi nyumbani. Wazee wa mkoa huu walilijua neno manamba. Hao ni watu walioandikwa kazi kwa mkataba katika mashamba ya mkonge, huko Tanga, Morogoro na penginepo. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mtu alipewa namba, na kwa namba hiyo alijulikana.

Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani, Daktari Richard Hindorf, katika mwaka 1893. Mashamba yalikua, yakataka watu wengi. Wenye mashamba hawakuwapata wa kutosha jirani, wakatafuta mbali, katika nchi za kati, za magharibi na za kusini. Wakati wa Waingereza, katika mwaka 1944, waliunda chama chao cha kuandika watu, kikaitwa SILABU. Kodi nayo iliwasukuma watu: mtu asiye na mazao ya kuuza alilazimika kutafuta fedha mahali.

Utaratibu ulikuwa huu. Mtu alielezwa masharti, akatia dole gumba juu ya karatasi, akasafirishwa. Shambani alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilijazwa. Asipoimaliza, siku haikuandikwa. Mshahara ulikuja kadi ikijaa, nayo siku 30 za kadi hazikuwa siku 30 za kalenda.

Je, akitoroka? Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mkosaji wa kushtakiwa. Hakuwa mdaiwa tu. Aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Neno kifungo hapo lilikuwa na maana zote mbili.

Tuseme haki: wako manamba waliorudi na fedha, wakalipa kodi, wakanunua ng'ombe, wakaoa. Lakini pimeni jambo moja. Manamba alijifunga kama yule mwanagenzi wa Uingereza, naye hakupata alichopata mwanagenzi. Hakufundishwa ufundi wa kumpatia riziki arudipo kwao. Ustadi wa kukata majani ya mkonge ulibaki shambani. Alichukua mshahara, akaacha nguvu zake. Tena karatasi aliyoitilia dole gumba, wengi hawakuweza kuisoma.

Mambo yalianza kubadilika pole pole. Katika mwaka 1955 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake Namba 104, wa kuondoa adhabu za jinai kwa wafanyakazi wenyeji wanaovunja mapatano ya kazi. Mwaka huo huo Tanganyika ilitunga sheria mpya ya ajira badala ya ile ya Mabwana na Watumishi. Baada ya uhuru desturi ya manamba ilikwisha.

3. Kusomeshwa na taifa

Tulipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, wasomi walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulianza na mainjinia 2 na madaktari 12. Serikali ikasomesha vijana kwa fedha za kodi, yaani fedha za mkulima wa mtama na mfugaji wa ng'ombe. Ikaogopa jambo lile lile analoliogopa kila tajiri: kijana akiisha kusoma, ataondoka.

Kwa hiyo, katika miaka hiyo ya 1960, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyelipiwa na serikali alitakiwa kuahidi kwa sahihi yake kwamba akimaliza atatumika mahali atakapopelekwa, muda wa miaka 5. Kujifunga huko kulikuwa tofauti na kwa manamba. Muda ulijulikana, na miaka 5 ilipokwisha, daktari au injinia alibaki na elimu yake na cheti chake.

Lakini hapo pia palitokea ugomvi. Katika mwaka 1966 serikali iliweka sharti jipya: wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2. Wangekaa kambini kwanza, kisha wangefanya kazi zao miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu. Walisema sharti ni zito, na kwamba wakubwa wenyewe hulipwa mishahara minono.

Mwalimu alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walirudishwa makwao, na wengi wao waliruhusiwa kurudi chuoni baadaye. Lakini lile la mishahara aliliona kuwa la kweli, akatangaza siku ile kwamba apunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mimi sikuwako, sikuwa nimezaliwa. Nikiisoma habari hii naona kila upande ulikuwa na haki yake. Aliyesomeshwa kwa jasho la wengine ana deni. Na anayedai deni hana budi kulidai kwa kipimo kinachojulikana tangu mwanzo, naye aonyeshe sehemu yake.

4. Dole gumba la baba yangu

Niruhusuni niseme habari yangu mwenyewe. Nilipomaliza masomo nilipata kazi kwa tajiri mmoja ambaye sitamtaja. Alinipeleka mafunzo ya miezi 6, nami nikajifunga miaka 3. Hati ilikuwa na kurasa 4, nikasoma ya kwanza na ya mwisho. Baba yangu hakujua kusoma. Aliniuliza, "Mwanangu, humu mna nini?" Nikamjibu, "Ni utaratibu tu, baba." Akatia dole gumba.

Niliacha kazi baada ya mwaka mmoja na nusu. Barua ya madai haikuja kwangu, ilikwenda kwa baba. Katika ukurasa wa tatu, ambao sikuusoma, ilikuwa imeandikwa kwamba gharama italipwa yote, hata kama umetumika siku ngapi. Ng'ombe 2 wa baba waliuzwa. Baba hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote kwamba karatasi ni utaratibu tu.

5. Sheria ya siku hizi

Leo hali ya mfanyakazi si ile ya manamba. Mtu akivunja hati ya kujifunga haendi jela kwa sababu hiyo. Ni shauri la deni. Yako mambo matatu ambayo kila mtu ayajue.

La kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Tena mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo kuuliza "hapa maana yake nini?" si utovu wa adabu, ni haki.

La pili. Tajiri hawezi kukata mshahara apendavyo. Makato yawe yameagizwa na sheria au na mamlaka kama mahakama, au mfanyakazi awe amekubali deni lile kwa maandishi. Hapo uangalie sana, maana sahihi yako kwenye hati yaweza kuwa ndiyo kukubali kwenyewe.

La tatu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yasema kwamba kama hati imetaja fedha za kulipa mtu akivunja ahadi, mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani kiasi kile ni mwisho wa juu, na mahakama si lazima iagize chote. Lakini afadhali hati ya haki kuliko kesi nzuri. Kesi hula siku na nauli.

Ugomvi wa kazi hupelekwa kwanza kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie kwenda, kwa maana malalamiko yana muda wake.

6. Hesabu ya darasani

Chukueni kalamu. Nitatoa mfano, fedha hizi ni za mfano tu.

Tajiri alipa shilingi 2,400,000 kumsomesha Juma ufundi wa mitambo. Juma ajifunga miezi 24. Gawanya: 2,400,000 kwa 24 ni 100,000. Maana yake, kila mwezi Juma atumikapo, deni lapungua shilingi 100,000. Akiondoka baada ya miezi 15, imebaki miezi 9, basi alipe 900,000. Hati namna hii ina haki, kwa kuwa kazi ya Juma imehesabiwa.

Hati nyingine yasema, "Akiondoka wakati wowote atalipa 5,000,000." Je, hizo 2,600,000 za zaidi ni za nini? Na mbona aliyebakiza mwezi mmoja alipe sawa na aliyebakiza miezi 24? Hati hiyo yataka kumtisha mtu.

Sasa hesabu ya pili, ambayo vijana wengi huisahau. Tuseme tajiri huyu atalipa 250,000 kwa mwezi, na kazi nyingine isiyo na mafunzo ingelipa 320,000. Tofauti ni 70,000. Zidisha kwa miezi 24, ni 1,680,000. Basi Juma hasomeshwi bure. Yeye naye alipa 1,680,000, kidogo kidogo, kwa mshahara anaouacha. Akipata cheti kinachotambuliwa na viwanda vingine, amenunua ufundi wa maisha, na bei si mbaya. Akifundishwa kubonyeza mashine moja ya kiwanda kile tu, bila cheti, amelipa 1,680,000, na akitoka mlangoni hana kitu.

7. Kabla ya kutia sahihi

Basi, mtoto wako akija na karatasi, au ukiitiwa kazi wewe mwenyewe, uliza maswali haya sita.

Moja: Nitafundishwa nini, wapi, kwa muda gani, na nitapewa cheti cha nani?

Mbili: Gharama ni shilingi ngapi hasa, na hesabu yake iko wapi?

Tatu: Kutumika kwaanza siku gani na kwaisha siku gani? Je, deni lapungua kila mwezi?

Nne: Tajiri akinipunguza kazini yeye mwenyewe, au nikiugua, nitadaiwa? Haifai mtu adaiwe kwa kuondolewa.

Tano: Masharti yaweza kubadilishwa katikati bila mimi kukubali?

Sita: Mdhamini adaiwa kiasi gani, na mpaka lini?

Majibu yote yawe ndani ya hati. Jibu la mdomo halitoshi. Wasiache vyeti halisi mikononi mwa tajiri, watoe nakala. Na wachukue nakala yao ya hati, kama wale wa zamani walivyochukua nusu yao yenye meno. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi mtu akatae kila hati ya kujifunga. Wako mafundi wengi wazuri ambao wasingeona mlango wa chuo kama tajiri hangewalipia. Hati njema ni daraja. Ipimeni kwa jambo moja: siku ya mwisho ya kutumika, mtu huyu ataondoka na nini? Mwanagenzi aliondoka na ufundi wake. Daktari wa miaka ya 1960 aliondoka na elimu yake. Manamba aliondoka na namba. Mwanao ataondoka na nini? Kama hakuna jibu, ni heri aitafute kazi nyingine, hata kama nyumbani mnahitaji fedha.

Ndugu zangu, mwaka 1970 ulitangazwa katika nchi yetu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wazima wakaingia darasani kwa wingi kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Nanyi leo mmekaa katika darasa kama hilo. Usidhani wasoma ili ujue kusoma vitabu tu. Siku moja mtoto wako atakuwekea karatasi mbele yako na kusema ni utaratibu tu. Siku hiyo mwambie, "Keti, mwanangu, tuisome." Someni kurasa zote, pamoja na ya tatu. Kisha, kama ni njema, uandike jina lako kwa mkono wako.

Maswali ya kuzungumza darasani

Moja: Kwa nini hati ya zamani ilikatwa kwa meno?

Mbili: Mwanagenzi na manamba walifanana kwa jambo gani, wakatofautiana kwa jambo gani?

Tatu: Asha amejifunga miezi 36 kwa mafunzo ya shilingi 1,800,000. Ameondoka baada ya miezi 20. Deni likipungua kila mwezi, alipe kiasi gani?

Nne: Kama ungekuwa wewe ndiwe tajiri, ungeandika masharti gani ili usipate hasara, wala usimwonee kijana?